Dozi ya Nyumba

Vidonge nilipewa zahanati, asubuhi moja ya baridi kali, ukungu umeshuka mpaka mlima wa Matogoro hauonekani kabisa. Mtu wa maabara alikuwa ameangalia choo changu kwenye darubini na kuandika jibu: amiba. Dirishani nikakabidhiwa metronidazole, ile ambayo mtaani kwetu Lizaboni tunaiita dawa ya tumbo tu, pamoja na maelezo niliyoyazoea miaka mingi: unywe baada ya kula, usiruke, umalize dozi, pombe usiguse. Nikamwambia binti wa dirishani kwamba pombe sijaigusa tangu nizaliwe. "Tunamwambia kila mtu, bibi," akasema. Niliingia pale nikiwa mama, nikatoka bibi, na tumbo bado linanisokota.

Nyumbani nikaiweka pakiti juu ya kabati la vyombo. Ikakaa hapo. Jioni nikaitazama, asubuhi nikaitazama, nikapika uji mwepesi, nikanywa uji bila dawa.

Niseme kwa nini, maana mimi si mtu wa kupuuza hospitali. Nilifundisha hisabati shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mtu akinipa maelekezo nayafuata hatua kwa hatua. Lakini nilikuwa nimemtajia mwanangu jina la dawa ile kwenye simu. Yeye yuko Dar es Salaam, na huko kila kitu wanakisoma mtandaoni. Haukupita muda akapiga tena, sauti imebadilika. "Mama, usizinywe hizo. Wameandika zimewapa panya kansa." Kisha akauliza, "Si ndizo alizokuwa anakunywa baba?"

Ndizo. Baba yake alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, na kabla ya hapo alikuwa amekunywa dawa ile kwa miaka mingi kiasi kwamba uchungu wake nikiuonja leo naiona sura yake. Kwa hiyo pakiti ikabaki juu ya kabati, na mimi nikabaki chini yake na mambo mawili kichwani: kama ndiyo iliyomuua mume wangu, na kama mimi niinywe.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka saruji na sabuni Tunduru, akarudi na korosho za Nalasi au mahindi ya Namtumbo. Dereva anakula njiani, na anayekula njiani hachagui. Alirudi nyumbani tumbo limemkamata, akapitia duka la dawa, akaingia mlangoni na kibahasha cha karatasi mkononi. Kwenda kupima hakwenda. Kupima kwake kulikuwa kukunja uso na kusema, "Ni ile ile."

Na hakunywa peke yake. Dawa ya tumbo kwetu ilikuwa ya nyumba. "Tumekula wote, tunywe wote," alisema, kwa kuwa aliamini tumbo la mmoja likiuma, la mwenzake linangoja zamu. Alimimina vidonge kwenye sahani ya bati, akavigawa kwa kidole: fungu lake, fungu langu, na watoto walipokuwa wadogo, vipande vilivyokatwa kwa kisu. Majirani walifanya hivyo hivyo. Sikumbuki nyumba mtaani kwetu ambamo mtu mmoja alikunywa dozi nzima huku wenzake wanamwangalia macho. Hata dawa uliyoandikiwa na daktari kwa jina lako, ukifika nayo nyumbani inagawanywa. Tuliuona huo ndio uungwana, na kusema kweli ulikuwa na utamu wake: mnakunja nyuso pamoja kwa uchungu, mnagombania kikombe cha maji, mnacheka.

Kilichogawanywa nacho hakikumalizwa. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ulipofika, Jumamosi rafiki zake walimwita, na dawa ile haipatani na pombe, basi dawa ilisimama. Jumatatu tumbo limetulia, nani tena akumbuke dozi. Vilivyobaki viliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, vikakaa na vidonge vya rangi mbili vya kifua na vingine ambavyo hatukujua tena ni vya ugonjwa gani. Mtu akiugua, tulianzia kwenye kopo.

Watoto wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na mji wake, na sahani ikabaki na mafungu mawili. Halafu yeye akafa.

Sipendi kulialia, lakini niseme wazi kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Napika dagaa wa usipa kiganja kimoja na bado wanabaki. Redio naiwasha ili kuwe na mtu anayeongea, hata kama anaongea habari za bei ya mbolea. Wiki inaweza kupita sauti yangu isitumike kwa kazi nyingine ila kuwafukuza kuku wa jirani, na kuna siku nimewafukuza ilhali hawajafanya kosa lolote.

Wiki hiyo hiyo ya amiba ndipo mtafiti alipokuja. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amenitaarifu mapema: kuna watu wa chuo wanapita kwenye nyumba zilizopata msiba wa saratani, na pia kwenye nyumba ambazo hazikupata, wanauliza dawa ambazo watu walikunywa huko nyuma. Nilitarajia mzee mwenye mkoba. Akaja binti wa umri wa mwanangu, mwenye miwani na kijisweta ambacho mtu aliyemuuzia hakumwambia Songea iko wapi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ingia kabla hujaganda."

Nikamwekea chai ya tangawizi, yeye akatoa dodoso lake na kunieleza haki zangu: naweza kukataa, naweza kukatisha, jina halitaandikwa. Alisema yeye si daktari wa kutibu, kazi yake ni kutafuta kama dawa za kuua vijidudu, zile tunazokunywa kwa tumbo, kifua na vidonda, zinaongeza saratani kwa binadamu, na kama zinaongeza, ni kwa kiasi gani. Nikatazama juu ya kabati. Nikajisemea, huyu Mungu amemleta, au kama si Mungu basi ni mwenyekiti wa mtaa.

"Unaishi na nani hapa, mwalimu?"

"Na kuku wa jirani."

Kalamu ikasimama. Alikuwa na adabu, hakutaka kucheka bila ruhusa. "Andika peke yangu," nikamwambia, na nilipolisikia neno hilo kwa sauti yangu mwenyewe, nikainuka kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Tukaanza. Akanionyesha picha za vidonge na kapsuli, mimi nikaonyesha kwa kidole: hiki, hiki, na hizi za rangi mbili. Akauliza kwa mwaka marehemu alikunywa dozi ngapi za dawa ya tumbo. Nikamwambia zilikuwa nyingi, hasa msimu wa korosho.

"Na kila dozi alikunywa vidonge vyote?"

"Alikunywa nusu. Na hiyo nusu aliimaliza kama hakukuwa na ulanzi."

"Nusu nyingine?"

"Nilikunywa mimi."

Akaniangalia. "Na wewe ulikuwa unaumwa?"

"Sikuwa naumwa. Nilikuwa mke wake."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza sahani, mafungu, kopo. Akauliza nyumba ngapi za mtaa huu zinafanya hivyo, nikamwambia aulizie zisizofanya, atamaliza mapema awahi chakula cha mchana. Hapo akacheka kweli, kisha akajishika kipaji cha uso. Alisema ndiyo sababu wanapita majumbani badala ya kusoma kadi za hospitali tu, kwa kuwa kadi inataja mtu mmoja na dawa wamekula wanne. Unamhesabu aliyeandikiwa kuwa amemeza sana, na jirani yake unayemlinganisha naye unamwona hajameza kitu, kumbe amemeza humo humo. Tofauti baina yao inapungua au inapotea, na wewe unarudi chuoni ukisema hujaona kitu. Alilisema hilo kwa utulivu, akageuza karatasi na kuandika pembeni mwandiko mdogo mdogo.

Nikaona nafasi yangu. Nikashusha pakiti kutoka kabatini, nikaiweka mezani kati ya vikombe.

"Mwanangu amesoma kwamba hii iliwapa panya kansa. Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema. Nilipenda kwamba hakuzunguka. "Panya waliolishwa kwa wingi, karibu maisha yao yote, baadhi walipata uvimbe. Kwa hiyo tunasema isinywewe bila sababu."

"Na watu?"

"Watu hatuwezi kuwafungia kwenye sanduku na kuwalisha. Tunalinganisha waliougua na wasiougua, umri mmoja, mtaa mmoja. Kwa dawa hii, waliofuatiliwa mpaka sasa hawajaonyesha madhara ya wazi. Kwa baadhi ya dawa nyingine za bakteria, kuna wanaoona saratani ya utumbo imeongezeka kidogo kwa waliozinywa sana, na kuna wasioona. Bado tunatafuta."

"Hao watu nimewasikia. Nakuuliza mume wangu."

"Hilo sitaweza kulijua, mwalimu," akasema. "Hata hesabu yetu ikikamilika vizuri, haitaweza kusema kuhusu mtu mmoja."

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Miaka yote nilikokotoa wastani wa darasa, na wastani haukuwahi kuniambia mtoto wa dawati la nyuma amepata ngapi. Lakini kuelewa hakukunizuia kukasirika. Nilitaka jibu. Nilikuwa nimeishi na swali hilo kwenye nyumba isiyo na mtu wa kulibeba upande wa pili.

"Basi nichukue mimi," nikamwambia. "Nilimeza alichomeza, kutoka sahani moja. Yeye amekufa, mimi nipo. Huo si ulinganisho?"

"Ni ulinganisho, ila mdogo mno. Yeye alikunywa pombe, alivuta?"

"Alivuta."

"Alikula njiani, alilala njiani, alikaa kwenye kiti siku nzima. Wewe ulikula hapa. Mlishirikiana vidonge, maisha hamkushirikiana yote."

Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa anaeleza kazi yake.

Pengine ndiyo maana nikamsimulia safari ya Nalasi, ili ajue kwamba kuna maisha tuliyoshirikiana. Nilikuwa nimestaafu karibuni, na mume wangu akasema sasa huna kisingizio, panda. Nikapanda lori. Barabara nzima alinionyesha watu wake: mama wa mihogo anayemkopesha, fundi wa matairi, kona ambayo aliwahi kulala siku mbili. Kila tuliposimama alisema, "Leo nimekuja na mwalimu, msiniharibie hesabu." Nalasi tulikaa tukisubiri magunia yajazwe, tumeketi kwenye kivuli cha lori, harufu ya korosho zinazochomwa imejaa kila mahali. Tumbo likamkamata. Akatoa kibahasha kwenye droo ya lori. Sahani hatukuwa nayo, akagawa kwenye kiganja chake, tukanywa na maji ya dumu yenye ladha ya plastiki, tukakunja nyuso, tukacheka mpaka wapakiaji wakageuka kututazama. Baada ya miaka mingi ya ndoa nilihisi nimeolewa upya. Mwaka uliofuata na uliofuata tukarudi tena hivyo hivyo, mpaka alipoanza kukonda na choo chake kikawa na damu, na hospitali wakauona uvimbe.

Mtafiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta mstari mwembamba kwenye karatasi, juu ya miaka hiyo.

"Hii hatutaihesabu," akasema taratibu.

"Huhesabu nini?"

"Miaka ya mwisho kabla ugonjwa haujagundulika. Dawa alizokunywa wakati huo tunaziondoa."

Hapo nikapandisha sauti kama niko mbele ya darasa. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo miaka ninayoikumbuka vizuri, kwamba ile ya zamani nimeikisia tu na amekubali kuiandika, na hii ambayo naweza kumwambia hata tulikunywa na maji gani ndiyo anaifuta. Nikamuuliza ni hesabu gani hiyo inayotupa namba nzuri na kubaki na mbovu.

Akasubiri nimalize. "Uvimbe wa utumbo haukui kwa siku moja, mwalimu. Unaweza kukaa miaka kabla haujaonekana, na huku unaleta maumivu ya tumbo. Mtu anadhani ni amiba, anakunywa dawa. Ukija baadaye ukahesabu, utaona dawa imetangulia na saratani imefuata, utailaumu dawa. Kumbe saratani ilikuwepo, na dawa ndiyo iliyokuwa inaifuata nyuma."

Nikakaa. Nilielewa mara moja, kama ninavyojua mahali mwanafunzi alipokosea bila mimi kusoma kazi yote. Ile "ni ile ile" yake kule Nalasi huenda haikuwa ile ile. Tulipokuwa tumeketi kivulini mwa lori tukicheka, huenda uvimbe ulikuwa tayari ndani yake, na vidonge alivyonigawia havikuwa na kazi yoyote kwake wala kwangu. Binti huyu alikuwa ameniletea unafuu niliouomba, kwamba hiyo dawa ya Nalasi si lazima iwe ndiyo iliyomuua, na unafuu huo ulichukua safari yangu nzuri kuliko zote na kuniambia kwamba siku ile nilikuwa nimeshaanza kubaki peke yangu, ila nilikuwa sijaambiwa.

Nililia. Mbele ya mgeni, na chai ikapoa. Yeye akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Ningejua angepima," nikasema.

"Wengi hawapimi. Tumbo ni tumbo." Akaivuta pakiti karibu, akaisoma. "Lakini wewe umepima. Hii si ya kukisia, wameiona amiba kwenye darubini. Kuinywa hii sasa, kwa siku chache, ndiyo sababu yenyewe ya dawa hii kuwepo. Kisichofaa ni kunywa bila kuumwa, na kunywa nusu. Na ukimaliza, kama tumbo litaendelea au ukaona damu, usirudi duka la dawa. Nenda hospitali uwaambie marehemu aliumwa nini na wewe una umri gani."

"Naitwa bibi siku hizi," nikasema.

"Basi bibi, inywe."

Aliniaga kwa shikamoo nyingine, akaelekea nyumba ya pili akiwa amejikunyata ndani ya sweta lake. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka akakata kona. Ilikuwa imepita miezi bila mtu kukaa kwenye kiti kile muda mrefu hivyo.

Nikapika ugali mdogo na mboga ya majani, nikala ili niwe nimekula. Nikampigia mwanangu, nikamwambia mambo ya panya nimeyasikia mwenyewe kutoka kwa anayejua, na kwamba dawa nainywa. Akauliza, "Una hakika, mama?" Nikamwambia hakuna anayeuza hakika, lakini hesabu nimeielewa. Akaniuliza kuhusu baba. Nikasema hilo nalo nimeuliza, halina jibu, na kwamba akianza kuumwa tumbo huko aliko aende kupima kabla hajanywa chochote. Akasema sawa, akasema atakuja mwezi wa kumi na mbili. Tukaagana.

Nikachukua sahani ya bati. Nikamimina vidonge vyote. Nikavigawa kwa kidole, akili yangu ikiwa bado kwenye simu, na nilipotazama chini niliona mafungu mawili yaliyo sawa sawa, moja upande wangu, jingine upande wa kiti ambacho mtafiti alikuwa amekalia, na kabla yake mume wangu.

Nilikaa nayo muda. Sikuwa na haraka, hakuna aliyekuwa ananisubiri nimpishe kikombe. Kisha nikalivuta fungu lake nikalichanganya na langu, nikanywa kipimo cha mchana huo, nikakunja uso peke yangu.

Nilikunywa hivyo kila siku kama nilivyoelekezwa, baada ya kula, bila kuruka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumaliza dozi. Tumbo likatulia. Nilipofungua kopo la maziwa kuweka vilivyobaki, sikuwa na hata kimoja cha kuweka.